Sala ya Kufunga Mafunzo ya Usalama

Katika uzee wangu nimeombwa kubariki vitu vingi ambavyo sidhani kama Mungu aliviomba. Nimebariki mashine ya kukoboa mpunga ambayo mwenyewe alimdhulumu ndugu yake kuipata. Nimebariki pikipiki iliyonunuliwa asubuhi ikaanguka mtaroni jioni. Niliwahi kuitwa kubariki ukumbi, nikafika nikakuta ni baa, na mwenye nayo akaninong'oneza, "Mzee wetu, wewe sema Amina tu, vinywaji bado havijaingia." Simlaumu mtu. Watu wa kwetu hawafungui mkutano wala msingi wa nyumba bila sala, na hilo si baya. Ubaya unaanza pale sala inapogeuzwa jamvi la kufunikia uchafu.

Mimi ni mlinzi wa mchana katika ghala la tumbaku pale Runzewe. Kabla ya hapo nilikuwa mwinjilisti, nimepita chuo cha Biblia, na nimetumika Tinde na vijiji vya jirani mpaka magoti yakakataa baiskeli. Watu hupenda kuniuliza inakuwaje mzee wa kanisa linalokataza sigara akalinda tumbaku. Huwajibu kwamba nalinda mlango, na mlango hauvutwi moshi. Kazi ile namshukuru Mungu kwa ajili yake. Kiti kipo, kivuli kipo, na wanaopita hunisalimu.

Ghala ni la mnunuzi binafsi mwenye leseni. Tumbaku ya wakulima ikishanunuliwa hulala pale kwenye marobota ikisubiri malori. Marobota mengine hufika yamechanika, kwa hiyo kuna wanawake vibarua wa kuyashona upya kwa sindano za gunia, na vijana wa kuyabeba. Mmoja wa wale wanawake ni mke wa mwanangu wa mwisho. Mwanangu mwenyewe yuko Geita mashimoni, akitafuta dhahabu ambayo nayo, naona, inamkwepa kwa bidii ileile aliyo nayo yeye. Mama yake, mke wangu, alishatangulia mbele ya haki. Nyumba yetu inasimama juu ya sindano ya yule binti, mimi na wajukuu.

Tumbaku ikilala muda mrefu huingiwa na vidudu vinavyotoboa majani. Dawa yake ni vidonge vya kufukizia. Fundi huvipanga kati ya marobota, anafunika rundo lote kwa turubai la plastiki, anakandamiza kingo zake chini kwa mifuko ya mchanga, kisha anafunga mlango na kuondoka. Vile vidonge hutoa hewa ya sumu. Huioni, na pengine huinusi.

Vidonge hivyo nilivifahamu Tinde. Mume na mke walivitia kwenye mahindi yao wakayaweka chumba walicholala, kwa kuogopa wezi. Asubuhi mahindi yalikuwepo yote. Mimi ndiye niliyeongoza mazishi. Jeneza la mume na jeneza la mke yalishushwa alasiri moja, na tangu siku ile nikiona kopo la vidonge vile huwa nasimama mbali nalo, kama ninavyosimama mbali na ng'ombe nisiyemjua.

Sasa, sheria inataka mwenye ghala awafundishe wafanyakazi wake usalama kazini kabla leseni yake haijahuishwa. Ni sheria nzuri. Nani atakataa watu wafundishwe wasife? Bosi wetu naye hakukataa. Aliitimiza kama watu wanavyotimiza ahadi ya harusini, kwa kelele na wali.

Mafunzo yaliwekwa siku ambayo ghala lilikuwa limefukizwa juzi yake. Ilitangazwa pia kwamba kesho yake malori yanakuja, na kwamba wanawake wafike mapema kukunja maturubai. Niliposikia hayo mawili pamoja nilifurahi. Nilisema moyoni, Mungu mwema, watafundishwa leo na kesho watajua la kufanya.

Turubai la sherehe lilitundikwa uani, viti vya plastiki vikapangwa, na mgeni akaletwa kwa gari kutoka Shinyanga mjini. Alikuwa kijana mwenye tumbo la heshima na shati la kitenge lililopigwa pasi mpaka likakata. Zamani tungemwita mwalimu. Siku hizi hakuna mwalimu, kuna mwezeshaji.

Nilifungua kwa sala. Baada yangu ukaja utambulisho. Bosi alimtambulisha mwezeshaji, mwezeshaji akamtambulisha dereva wake, dereva akasimama akapunga mkono kama anagombea udiwani. Kisha mwezeshaji akasema itifaki imezingatiwa, na baada ya kusema hivyo akawataja wote upya, mmoja mmoja, pamoja na mwenyekiti wa kitongoji ambaye hakuwepo. Kila aliyetajwa alipigiwa makofi. Tulifundishwa makofi ya maua, makofi ya treni, na makofi ya mvua inayoanza kidogo kidogo. Kwa haki niseme kwamba makofi yalifundishwa vizuri, na hakuna aliyetoka pale bila kuyaelewa.

"Usalama ni nini?" akauliza mwezeshaji.

Akajijibu mwenyewe.

"Usalama ni hali ya kuwa salama. Tuko pamoja?"

"Ndiyooo," wakaitika.

"Na ajali ni nini? Ajali ni tukio la ghafla. Tumeelewana?"

"Ndiyooo."

Watu wetu wamelelewa hivyo. Mgeni akikuuliza kama umeelewa, kusema hapana ni kumwambia kwamba amefundisha vibaya, na huwezi kumwambia hivyo mtu aliyekuja kwa gari. Angewauliza kama wameelewa Kichina wangeitika vilevile, tena kwa sauti.

Niliinua mkono. "Mheshimiwa, hii dawa iliyomo ghalani sasa hivi. Maturubai yanafunguliwa lini, na ayafungue nani?"

Akatabasamu. "Swali zuri sana. Tumpigie mzee makofi ya maua." Nikapigiwa makofi ya maua. "Mzee, swali lako tunaliegesha kwanza, tutalirudia mbele ya safari."

Likaegeshwa, kama lori bovu pembeni ya barabara ya Ushirombo, na yeye akaendelea na safari yake.

Ikafika zamu ya vifaa. Mtungi wa kuzimia moto ulikuwa umeazimwa kituo cha mafuta, na kijana wa kituo alikuja nao akakaa ameukumbatia, maana aliambiwa asiuache. Vizibao vinavyong'aa viligawiwa, watu wakavivaa, wakapangwa mbele ya bango kwa picha, kisha vikakusanywa vikarudishwa kwenye mfuko vikiwa bado na joto la migongo. Kulikuwa na barakoa moja ya gesi, ile yenye vichujio viwili pembeni. Bosi ndiye aliyeivaa kwa picha. Aliivaa juu ya paji la uso, ili sura yake ionekane.

"Picha ndiyo ushahidi," aliniambia akipita. "Bila picha, hata ufundishe mwaka mzima, hujafundisha."

Nilijiuliza tu kama siku ya mwisho nayo tutaulizwa picha.

Baada ya picha palisomwa hotuba juu ya kujituma, na nyingine juu ya kuthubutu. Harufu ya pilau ilikuwa imeshatanda uani. Mpishi alikwishafunua sufuria, na wabeba mizigo walikuwa wamegeuza viti vyao kidogo kidogo mpaka wakawa wanatazama jikoni. Mwezeshaji akafunga kompyuta yake, akatazama saa.

"Tumejifunza mengi," akasema. "Sasa namwomba mzee wetu atufungie kwa sala, aombee chakula, na aombee hasa kazi ya kesho, Mungu awalinde akina mama ghalani. Tusimame."

Wakasimama, wakafumba macho. Nami nilisimama. Nilifungua kinywa, na kweli nilikusudia kuomba, maana ni mazoea ya miaka mingi na ulimi unajua njia. Lakini niliwaza maneno niliyotakiwa kumwambia Mungu: walinde. Niliyaona yale majeneza ya Tinde. Nikamwona mke wa mwanangu mstari wa mbele, kichwa kimeinama, kitambaa cha kichwani kina vumbi la tumbaku. Imani niliyofundishwa inakataza kumjaribu Mungu. Mtu hapandi juu ya paa akaruka halafu akaomba adakwe, na hawasukumi wengine waruke huku yeye akiomba kwa niaba yao.

Nikasema, "Sitaomba."

Mmoja mmoja wakafumbua macho.

"Mzee wetu," bosi akasema kwa upole wa mtu anayetazamwa na wageni, "umechoka? Kaa basi, omba umekaa."

"Sijachoka, mwanangu. Nimeombwa nifunge mafunzo. Mimi naona hayajafunguliwa. Swali langu bado limeegeshwa."

"Hayo tutayamaliza ofisini."

"Ofisini hakuna vidonge. Viko mle ghalani."

Mwezeshaji akacheka kidogo. "Mzee, chakula kinapoa, na Mungu naye anatusubiri."

"Mungu ana subira," nikasema. "Wewe ndiye uliyetazama saa."

Mbeba mizigo mmoja, mtani wa wote pale ghalani, akapaza sauti kutoka nyuma. "Basi niombe mimi. Sala yangu fupi. Bwana, wali. Amina."

Walicheka sana, hata dereva. Lakini hakuna aliyekaa. Kwetu mzee akiwa amesimama mbele ya chakula na amekataa kukiombea, chakula kile hakiliwi. Anayekila anakula peke yake, na tumbo likimuuma wiki ijayo watu watajua sababu. Mpishi alinitazama, akawatazama walioshika sahani, kisha akarudisha mfuniko juu ya sufuria. Yule mtani aliposikia mfuniko umegonga, akaacha kucheka.

"Wazee wengine bwana," akanung'unika. "Angekataa tukishashiba."

Mke wa mwanangu alinitazama jicho moja tu, na jicho lile lilisema yote. Alikuwa na njaa, alikuwa na aibu, na alimwona bosi amekunja uso. Kibarua kama yeye hafukuzwi kwa barua. Asubuhi mlango haufunguliwi tu kwake. Nilijua naweza kumkosesha kazi kwa kile nilichokuwa nafanya. Nilijua pia kwamba nikisema Amina, kesho ataingia mle.

"Soma," nikamwambia mwezeshaji. "Ulipewa ya kusoma. Soma ya dawa."

Akafungua kompyuta. "Yako mwishoni huku, na yako kwa Kiingereza. Yatawachosha."

"Tuchoshe."

Akasoma akitafsiri kwa Kiswahili, na kwa kuwa kutafsiri kwake hakukuwa kubaya, tulielewa. Ghala lililofukizwa haliingiwi na mtu yeyote isipokuwa aliyefundishwa kazi hiyo, amevaa barakoa ya gesi, ameshika kipimo cha hewa. Huyo ndiye anayeinua turubai. Milango inaachwa wazi. Wengine wote wanakaa mbali mpaka kipimo kiseme hewa ni safi. Alisoma sauti yake ikishuka, kwa sababu kadiri alivyoendelea ndivyo alivyozidi kuelewa. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kufika ukurasa ule.

"Kipimo kiko wapi?" nikauliza.

"Anacho fundi," bosi akajibu.

"Fundi yuko wapi?"

"Ana kazi Kahama."

"Kesho anayeinua turubai ni nani?"

Watu wote wakawageukia wanawake.

"Jamani, tusikuze mambo," bosi akasema. "Msimu uliopita tulifungua wenyewe. Nani alikufa? Kuna aliyekufa hapa?"

Ndipo akazungumza bibi mmoja mshonaji, mkubwa wao, mjane, mwenye sauti kavu. Hakuinua mkono.

"Msimu uliopita mimi nilitapika kutwa nzima hapo ukutani. Kichwa kilitaka kupasuka. Mkasema nina mimba."

Kicheko kikaanza pembeni.

"Mimi," akaendelea, "mume wangu nilimzika kabla simu za mkononi hazijafika Runzewe. Nikawaza, labda hawa wasomi wanajua. Nikaenda nyumbani nikaingoja mimba."

Walicheka mpaka wengine wakaketi. Kisha kicheko kikaisha vibaya, kama maji yanavyoisha kwenye mtungi, kwa sababu mwanamke mwingine alisema, "Na mimi nilitapika," na mwingine akasema alidhani ni samaki. Wote walikuwa wametapika. Kila mmoja alikuwa na samaki wake, au malaria yake, au mchawi wake. Hakuna aliyemwambia mwenzake, na hakuna aliyewauliza. Nilitazama bango lililosema Usalama Kwanza, nikaona aibu kwa niaba ya mwandishi wake.

Bosi alitoa simu. Sina hakika kama aliitoa kwa huruma au kwa sababu mwezeshaji alikuwa sasa anamtazama kwa mashaka ya mtu ambaye uso wake umo kwenye picha. Akampigia fundi.

"Weka sauti tusikie," bibi mshonaji akasema.

Akaweka.

"Shikamoo bosi," sauti ya fundi ikasema.

"Marahaba. Nauliza, yale maturubai, kesho tunaweza..."

"Msifungue," fundi akamkatiza. "Bosi, si nilikwambia? Nilikwambia mbele ya dereva wako, msiguse mpaka nirudi na kipimo. Ukasema umesikia."

Bosi akazima sauti ya simu, akatembea nayo mpaka nyuma ya choo. Alikuwa amesikia. Mwanaume mzima, mwenye leseni ukutani ndani ya fremu, aliambiwa kwamba mle kuna mauti, akasema amesikia, akaenda kuazima mtungi wa moto kwa ajili ya picha. Nimewajua wanywaji wa gongo waliokuwa na hofu ya Mungu kuliko hiyo. Mlevi huhatarisha ini lake. Huyu alitaka kuhatarisha maini ya wanawake wa watu, na mimi niwe mpiga muhuri.

Aliporudi alisema malori yatasubiri, fundi akija ndipo watafungua. Alisema kwa sauti kubwa kana kwamba wazo ni lake. Mwezeshaji akasema hilo ndilo linaloitwa uongozi shirikishi, akaomba apigiwe makofi ya treni. Hakuna aliyepiga. Njaa ilikuwa imezidi.

Nikaomba. Nilishukuru kwa mchele, kwa nyama, na kwa bibi aliyefumbua kinywa. Ilikuwa fupi kuliko walivyonizoea. Yule mtani aliniambia baadaye, akitafuna, "Mzee, leo umeomba kama mimi."

Siku zilizofuata hazikuwa tamu. Fundi alichelewa. Ghala likawa limefungwa, wanawake wakawa hawana kazi, na kibarua asipofanya kazi halipwi. Walikaa nje ya uzio wakinitazama mimi kwenye kiti changu, ambacho mshahara wake haukukatika. Wengine waliacha kunisalimu. Mmoja alisema, nikisikia, kwamba wazee wakikosa la kufanya huanzisha miujiza.

Fundi alipofika, alivaa barakoa sawasawa, usoni, akaingia na kipimo. Tulikuwa mbali uani, tumesimama tunasikiliza. Aliinua ukingo wa turubai la kwanza, na kile kifaa kikaanza kulia. Kililia kwa sauti nyembamba isiyokatika, kama mtoto aliyefinywa. Fundi akatoka haraka, akafungua milango yote miwili, akatusukuma nyuma kwa mkono.

"Bado," akasema kupitia vichujio.

Bibi mshonaji akauliza, "Na siku ile walitaka tuingie, ingekuwaje?"

Fundi akavua barakoa. Alimtazama bosi, ambaye alikuwa anashughulika sana na simu yake. "Mama," akasema, "mngeingia, msingetoka wote."

Mke wa mwanangu alikuwa ameshika sindano yake ya gunia, aliyokuja nayo kwa matumaini ya kazi. Aliichomeka kwenye kanga, akaondoka kabla ya wenzake. Kazi haikuanza siku ile, wala iliyofuata.

Wala sikutazamia shukrani. Kwetu mkamwana hamkemei baba mkwe. Hawezi kumtazama usoni akamwambia amemkosea, ni mwiko, na yule binti amelelewa vizuri. Kwa hiyo jioni ya siku ile kipimo kilipolia, nilipokaa mlangoni, akawatoa kuku jikoni kwa ufagio na kuwakemea wao.

"Wewe kuku, unajiona unajua sana," akamwambia jogoo. "Unawika hadharani, unatutia aibu mbele ya wageni. Ungesubiri ukaniambia nyumbani, ungekufa? Wiki nzima watoto wanakula ugali na mlenda kwa ajili yako. Umefurahi?"

Jogoo akakimbilia nyuma ya kiti changu.

"Na mimi ningekufa mle," akaendelea, sauti ikipungua, ufagio ukiwa umesimama. "Mimi ningekufa, wewe kuku, na hawa watoto ungewalea na nini, na hayo magoti yako?"

Aligeuka akaingia ndani, nikamsikia akigonga masufuria, moja baada ya jingine, kwa nguvu zaidi kuliko mapishi yanavyohitaji. Nilikaa mlangoni nikamshukuru Mungu kwa kila sufuria.